Pakiti Moja, Mikono Mitano

Shindano zuri la kutunga shanga huanzia kwenye mizani. Mmoja wa kikundi hununua shanga, huzipima, huzigawa katika pakiti zinazofanana kabisa, na kila mshiriki huondoka na yake. Baada ya mwezi hukutana tena, kila mtu na alichotengeneza: mkufu, bangili, vipuli, kikuku, hata shanga za kiunoni kama anao ujasiri wa kuzitoa hadharani. Masharti hayazidi matatu. Kila rangi iliyomo ionekane kwenye kazi, pamoja na ile uliyoinunia ulipofungua pakiti. Unaweza kuongeza uzi au waya, kifungo na rangi moja tu kutoka kwenye akiba yako. Na zawadi hakuna.

Asiyewahi kushika sindano ya shanga atauliza: bila zawadi, shindano liko wapi? Liko kwenye kule kufanana kwa pakiti. Siku za kawaida tukiona kazi nzuri ya mwenzetu tunavyo visingizio tele: yeye ana shanga za Kijapani, yeye ana ndugu Dubai anayemletea vitu, yeye anakaa karibu na duka. Pakiti ikiwa moja, visingizio vimekwisha. Kinachobaki ni jicho na mkono.

Tuifungue pakiti mojawapo. Ndani yake mna gramu 20 za shanga nyekundu namba 11, gramu 10 nyeupe namba 8, gramu 5 za bluu namba 11, na jiwe moja la akiki lenye tundu. Namba za shanga huenda kinyume: namba ikipanda, ushanga unakuwa mdogo. Namba 11 ina upana wa milimita 2 na kidogo, namba 8 inafika milimita 3, namba 6 inakaribia 4, na namba 15 ni kama milimita moja na nusu, ya kutungia ukiwa na taa nzuri na miwani isiyo ya kuazima.

Sasa hesabu. Gramu moja ya namba 11 ina shanga kama 110, kwa hiyo nyekundu zako ni 2,200 hivi. Ukizitunga kwenye uzi, shanga saba hujaza takriban sentimita moja. Mkufu wa sentimita 45 utakula shanga 315, maana yake nyekundu zote zinatosha mitungo saba ya urefu huo. Lakini ukiamua kufuma bangili bapa yenye upana wa sentimita 2, bangili hiyo peke yake itameza karibu gramu 10, nusu ya nyekundu ulizo nazo. Hapo ndipo watu wanapoanza kuachana njia. Mmoja ataona mitungo saba na kufikiria kidani kizito cha harusi. Mwingine ataona bangili na vipuli vyake. Wa tatu ataanza bila hesabu, kisha apige simu usiku kuulizia kama kuna aliyebakiwa na nyekundu.

Kabla ya kutunga kuna kazi mbili ambazo wengi huziruka. Ya kwanza ni kuchagua. Shanga za bei nafuu huja zimechanganyika, nyembamba kwa nene, zilizovunjika ukingo, zenye tundu lililoziba. Zimwage kwenye sinia uzichague kama mchele. Zile ndogo ndogo zinazouzwa sana Afrika Mashariki kwa kazi za Kimaasai asili yake ni Ucheki, hasa eneo la Jablonec nad Nisou. Huko kioo huvutwa kikiwa moto kuwa mrija mwembamba, mrija hukatwa vipande vidogo, kisha vipande hivyo huzungushwa kwenye joto hadi kingo zake zilainike. Ndiyo maana hazilingani sawasawa, na nyingi zina umbo lililobonyea kidogo. Za Kijapani, ambazo kampuni zake kubwa mbili, Miyuki na Toho, ziko mkoa wa Hiroshima, hulingana zaidi na huwa na tundu pana. Mimi siamini kwamba zinazolingana ndizo bora kwa kila kazi. Kwenye mitungo ya kuning'inia, ule utofauti mdogo wa shanga za Kicheki huipa kazi uhai. Kwenye kufuma bapa, ni balaa tupu.

Kazi ya pili ni kujaribu rangi. Ushanga ambao kioo chake kimetiwa rangi tangu kwenye tanuri hauchuji, ila kuna shanga zilizopakwa rangi juu, na nyingine zilizopakwa ndani ya tundu. Waridi na zambarau ndizo za kushukiwa kwanza. Dondosha dawa ya kuondolea rangi ya kucha kwenye kitambaa cheupe, uzisugue chache. Nyingine zigawe mafungu mawili: fungu moja dirishani kwenye jua kwa wiki mbili, jingine droo ya giza, kisha uyalinganishe. Anayeishi Tanga au Mombasa ana sababu ya ziada ya kufanya hivyo, kwa kuwa jasho na unyevu wa pwani huumbua rangi ya kupaka upesi sana, na mteja aliyebakiwa na doa la waridi kwenye kola nyeupe harudi.

Turudi kwenye zile gramu 5 za bluu. Shanga 550 hivi, mbele ya nyekundu 2,200. Anayeanza huzigawa kwa usawa: nyekundu nne, bluu moja, nyekundu nne, bluu moja, mpaka mwisho, na matokeo yake ukiyatazama kutoka mlangoni ni zambarau iliyochoka. Macho huchanganya rangi ndogo zilizokaribiana. Tazama ukosi bapa wa Kimaasai, ule wa duara unaokaa juu ya mabega: rangi hukaa kwa mapana, eneo zima jekundu, kisha mstari mwembamba wa rangi nyingine unalikata, kisha eneo jingine linaanza. Bluu kidogo iliyokusanywa pamoja huonekana kuliko bluu nyingi iliyotawanywa.

Kuna kipimo cha bure kabisa. Panga shanga zako kwenye kitambaa, piga picha kwa simu, uibadilishe iwe nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani ambazo mezani zilikuwa zikigombana zinaweza kutoka kijivu kimoja, huwezi kuzitenganisha. Zikitoka hivyo, ujue mchoro wako utapotea mwanga ukipungua. Kwenye pakiti yetu nyeupe ndiyo mwokozi, maana ndiyo rangi pekee iliyo mbali na nyingine kwa mwangaza. Nayo ni namba 8, nene kuliko nyingine, hivyo haikai bapa pamoja nazo. Mwandaaji aliiweka makusudi. Pakiti isiyo na kikwazo haifundishi kitu.

Watu wanaodhani mashindano ya namna hii yameletwa na watalii wanakosea. Kwa Wamaasai na Wasamburu wanaotunga ni wanawake, nao hutunga wakiwa pamoja, kila mmoja akiona mkono wa mwenzake. Rika jipya la vijana likiingia umorani huja na mtindo wake wa mapambo, mpangilio wa rangi ukabadilika, umbo likabadilika, na mtu mwenye jicho lililozoea anaweza kukisia pambo fulani ni la enzi za rika gani. Hakuna kamati iliyopiga kura. Wasichana walishindana kwa kupendeza, kilichopendeza kikaigwa, kilichoigwa sana kikachosha.

Wafanyabiashara wa misafara waliijua nguvu hiyo ya mitindo kwa maumivu ya mfuko. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipokuwa Unguja mwaka 1871 akijiandaa kwenda bara kumtafuta mmisionari Livingstone, ilimbidi akae chini asomeshwe shanga. Nyekundu za samisami zilipendwa Unyamwezi kuliko nyingine. Nyeusi zilizoitwa bubu zilipita Ugogo, kwingine zikakataliwa. Ujiji walitaka sungomazi, kubwa za umbo la yai. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulikuwa umebeba mzigo usioweza kununua hata kuku. Shanga zilitoka Ulaya, lakini aliyeamua ipi inafaa alikuwa mvaaji wa bara.

Siku ya kukutana, jambo la kwanza ni kugeuza kazi. Mbele ya pambo kila mtu amejiandaa kuonyesha. Ukweli uko nyuma.

"Dada, naomba nigeuze."

"Geuza tu, mwenzangu, ila usicheke."

Nyuma unaona uzi. Mshipi wa kuvulia samaki, ambao wengi huanza nao kwa kuwa unapatikana kila duka la vifaa, hauchukui fundo vizuri na hukakamaa kadiri siku zinavyokwenda. Uzi wa nailoni uliosokotwa, ukipitishwa kwenye nta ya nyuki, hushika zaidi na hausokotani hovyo. Unaona pia mvuto. Aliyekaza sana, bangili yake imejikunja kama inataka kukimbia. Aliyelegeza, uzi mweupe unachungulia kati ya shanga nyekundu. Unaona ncha zilipoishia. Ncha iliyofungwa fundo moja na kukatwa hapo hapo itafunguka. Inayodumu imeachwa na urefu wa sentimita 15 hivi, ikarudishwa ndani ya shanga, ikageuza mwelekeo mara tatu, ikafungwa kifundo kidogo kwenye uzi uliomo humo kila inapogeuka, ndipo ikakatwa.

Halafu kuna lile jiwe la akiki, ambalo kwa maoni yangu ndilo mtihani wenyewe. Akiki za Khambhat, huko Gujarat, zimekuwa zikivuka bahari kuja pwani yetu kwa karne nyingi, na wachimbaji wa mambo ya kale wamezikuta katika miji ya kale ya Waswahili. Jiwe kama hilo hutobolewa kutoka pande zote mbili, matundu yakutane katikati, na pale yanapokutana hubaki ukingo mkali. Uzi ukipita hapo, kila mvaaji anapogeuza shingo unasuguliwa. Mkufu utaonekana mzima miezi kadhaa, kisha utakatika sokoni mbele za watu.

Dawa zipo zaidi ya moja, na hapa ndipo mikono mitano inapotoa majibu tofauti. Mmoja hupitisha waya ndani ya jiwe, akakunja kitanzi kila upande kwa plaizi ya mdomo mwembamba, uzi usiguse jiwe kabisa. Mwingine hujaza tundu kwa shanga za namba 15, zikiwa kinga kati ya uzi na ukingo. Rangi yake moja ya ziada ameitumia mahali pasipoonekana, na mimi humvulia kofia mtu wa namna hiyo. Wa tatu halitumii tundu kabisa: hulifunga jiwe kwa wavu wa shanga nyekundu kulizunguka, likakaa kama limeshikwa kwa vidole. Nimemwona pia aliyelitumia jiwe kuwa kifungo, likipita kwenye kitanzi cha shanga upande wa pili. Ungeweza kutunga peke yako miaka mingi na usiyafikirie yote haya, kwa sababu suluhisho lako la kwanza likifanya kazi huna sababu ya kutafuta la pili.

Mazungumzo ya siku hiyo yana adabu yake. Sifa tupu haziruhusiwi, kwa kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwenye kikundi kinachojiheshimu kila mtazamaji husema jambo moja ambalo angeliiba na jambo moja ambalo angelifungua na kulirudia. Kupiga kura ya mshindi nakupinga waziwazi. Vikundi vilivyoanza kupiga kura huishia kutengeneza mapambo ya kupigiwa picha, makubwa, mazito, yasiyovalika, na wale wenye mkono mtulivu huacha kuja.

Linabaki suala la kuiga, na hilo lizungumzwe kabla pakiti hazijafunguliwa. Njia ya kufuma si mali ya mtu. Mshono ambao watunga shanga wa dunia nzima wanauita wa Kindebele umetoka Afrika Kusini na leo unafumwa kila bara, na hakuna wa kumlaumu anayejifunza. Mpangilio mahsusi wa mwenzako, ule alioufikia kwa kulitatua jiwe lake usiku kucha, ni jambo jingine: unauomba, na ukiuza unamtaja. Wamaasai wamekuwa wakidai hilohilo kwa kiwango kikubwa zaidi, baada ya kampuni za nje kutumia mavazi na jina lao kuuza bidhaa.

Na kama mtauza, kila mmoja aandike saa alizotumia. Gharama ya vifaa kwenye pakiti ni ileile kwa wote, hivyo ukiweka mikufu mitano mezani pamoja na saa zake, utaona mara moja ni upi unaoweza kujilipa na ni upi ulio wa kumvisha binti yako siku ya harusi. Kidani cha mitungo saba huenda haraka kuliko kinavyoonekana. Bangili iliyofumwa bapa hula muda mara nyingi zaidi, na mnunuzi atakutazama kwa mshangao ukimtajia bei, kwa kuwa machoni pake ni ndogo. Mpe aigeuze.