Ankara ya wino ambao hakuna aliyeuagiza

Simu ya kwanza haiuzi kitu. Mtu mchangamfu anauliza jina la karani anayeshughulikia vifaa vya ofisi, kisha aina na namba ya mashine ya fotokopi. Anashukuru, anakata.

Ya pili huja siku chache baadaye. Sasa mpigaji anaongea kama msambazaji wa siku zote: bei ya wino inapanda Jumatatu, lakini ofisi hiyo imewekewa katoni mbili kwa bei ya zamani. Karani, mteja akimsubiri, anajibu “sawa”. Mzigo unafika upesi, na ankara inacheleweshwa makusudi hadi wino uanze kutumika. Bei ni mara kadhaa ya ile ya dukani. Kwa kuwa jina la karani limo kwenye ankara, mhasibu analipa bila kuuliza.

Akigoma, sauti hubadilika. Anaambiwa mazungumzo yamenaswa kwenye kanda, deni litakwenda kwa wakusanya madeni. Baadaye mpigaji “analegeza” na kukubali mzigo urudishwe, ila kwa ada. Wengi hulipa ili kuepuka usumbufu, na malipo hayo ndiyo huvuta simu nyingine.

Nchini Marekani, ambako mchezo huu ni wa zamani, mfanyabiashara mdogo alipata kinga nusunusu. Kanuni ya mauzo ya simu ya mwaka 1995, iliyotolewa na Tume ya Biashara ya serikali kuu, iliacha nje simu nyingi zinazopigwa kwa makampuni; ilibana zile za vifaa vya ofisi na vya usafi vinavyokwisha kwa matumizi. Muuzaji wa nafasi katika kitabu cha orodha ya biashara hakuguswa na kanuni hiyo, ingawa sheria ya jumla dhidi ya udanganyifu ilikuwapo. Ni mwaka 2024 tu ambapo marufuku ya uongo katika kanuni hiyo ilipanuliwa kwa simu za biashara kwa ujumla.

Kuhusu mzigo usioagizwa, msimamo wa Tume ni kwamba aliyeupokea halazimiki kuulipia wala kuurudisha. Tatizo ni kuthibitisha kuwa haukuagizwa. Duka ambalo mtu mmoja tu ndiye anayeagiza, na kila oda ina namba yake kwenye daftari, humaliza ubishi mapema: ankara isiyo na namba hairuhusiwi kulipwa, hata kama karani alisema “sawa”.