Maonyesho Si Kutazama Tu

Ndugu wanakikundi, tukisikia maonyesho ya sanaa tunafikiria picha ukutani: mtu anatazama, halafu huyo, anaenda zake. Sivyo ilivyo mjini Brisbane, Australia. Tangu 1993, jumba la sanaa la jimbo la Queensland huonyesha, kila baada ya miaka kama mitatu, kazi za wasanii wa Asia na Pasifiki. Kuingia ni bure. Wasanii huzungumza na watu, mafundi hufundisha, ngoma huchezwa. Tangu 1999 watoto nao wana sehemu yao.

Kwa nini taabu yote hii? Ni kwa sababu kitu kisichoelezwa hudharauliwa. Mwaka 2017 akina mama wa Bougainville, kisiwa kilichoumizwa na vita vya karibu miaka kumi, walikaa pamoja na wenzao wa Visiwa vya Solomon na Australia, wakafundishana kazi za mikono. Mwaka 2018 kazi hizo zilifika Brisbane kwa jina la Utajiri wa Wanawake. Asiyejua angeona mkeka tu. Akielezwa, anaona mali ya ukoo.

Basi, kikundi chenu kikipeleka vikapu kwenye maonyesho, nani atasimama karibu navyo aeleze?