Mdudu Aliyepigwa Picha: Simu ya Nyumbani Inapomsaidia Daktari wa Ngozi

Kabla ya simu zenye kamera kuenea, mdudu aliyeshukiwa kumdhuru mtu alifika kliniki ndani ya kasha la kiberiti, mara nyingi akiwa amekauka, miguu imekatika na rangi imefifia. Siku hizi mgonjwa anayeshuka kutoka Kibosho au Marangu hufungua simu na kuonyesha picha. Mabadiliko hayo ni ya manufaa, ila kwa sharti moja: mdudu awe anaonekana. Picha nyingi zinazoletwa huonyesha doa jeusi lenye ukungu juu ya ukuta mweupe, na doa la namna hiyo halimwambii mganga lolote.

Mahali ambapo picha nzuri huleta tofauti kubwa ni katika madhara ya mdudu aitwaye nzi wa Nairobi. Jina hilo linapotosha, kwani huyu si nzi bali ni mbawakawa mdogo wa jenasi ya Paederus. Ni mwembamba, ana urefu wa milimita 7 hadi 10, na kwa mbali hufanana na sisimizi. Kichwa chake ni cheusi, kifua kina rangi ya chungwa iliyokolea, mabawa yake mafupi yana mng'ao wa buluu au kijani, na tumbo la rangi ya chungwa huishia kwenye ncha nyeusi. Haumi wala hachomi. Sumu yake, pederini, imo katika maji ya mwili wake, nayo humwagika juu ya ngozi pale anapopondwa kwa kiganja au anapolaliwa usingizini. Hupenda udongo wenye unyevu na mashamba ya umwagiliaji, na usiku hufuata mwanga wa taa hadi ndani ya nyumba. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilileta wimbi kubwa la mdudu huyu katika Afrika Mashariki.

Ugumu ni kwamba ngozi haiungui papo hapo. Wekundu na malengelenge hujitokeza baada ya siku moja au mbili, wakati mdudu amekwisha kusahauliwa. Mgonjwa huja na mstari wa malengelenge shingoni au kifuani, unaowaka kama moto, na mganga mwenye foleni ndefu mlangoni huandika: mkanda wa jeshi. Katika jamii ya hapa jina hilo lina uzito wake. Kwa miaka mingi mkanda wa jeshi kwa mtu mwenye umri mdogo umehusishwa na maambukizi ya VVU, na wapo wanaorudi nyumbani wakiwa wamekwisha kujihukumu, au kuhukumiwa na wenza wao, kabla ya kipimo chochote kufanyika. Kupima VVU ni jambo jema kwa kila mtu, lakini ni vibaya ndoa kutikiswa na mbawakawa.

Dalili zenyewe hutofautiana kwa anayeziangalia kwa utulivu. Mkanda wa jeshi hufuata njia ya mshipa wa fahamu upande mmoja wa mwili, na mara nyingi hutanguliwa na maumivu ya siku kadhaa. Alama ya nzi wa Nairobi hufuata njia ambayo mkono ulimburuta mdudu. Inaweza kuvuka katikati ya mwili, na panapokunjika, kama kwenye kiwiko, alama mbili hutazamana kama mhuri na nakala yake. Picha ya mbawakawa akitambaa karibu na taa ya chumba kile kile, hata ikiwa ya usiku uliofuata, ikiwekwa pamoja na picha ya ngozi yenye tarehe, humpa mganga sababu ya kusita kabla ya kuandika. Aliyeguswa na mdudu huyu aoshe ngozi mara moja kwa sabuni na maji mengi, wala asiguse macho. Jicho likishaathirika, asitie dawa za kubahatisha bali aende kituo cha afya.

Kupiga picha ya namna hii hakuhitaji kamera ya gharama. Kamera nyingi za simu hushindwa kulenga kitu kilicho karibu kuliko sentimita 8 hadi 10, na anayezidi kuisogeza huvuna ukungu. Ni afadhali kubaki kwenye umbali huo, kugusa kioo cha simu mahali mdudu alipo ili kamera imlenge, kisha kukata picha baadaye ili mdudu aijaze. Lenzi ndogo ya kubana juu ya simu husaidia sana, ila hapo sehemu inayoonekana wazi huwa nyembamba mno: macho yakionekana, miguu hufifia. Ndiyo maana hupigwa picha nyingi, kutoka juu, ubavuni na mbele, viwiko vikiwa vimeegemezwa mezani. Mwanga wa dirishani asubuhi unafaa kuliko mwako wa simu. Mdudu afunikwe kwa glasi na karatasi nyeupe ipitishwe chini yake, pasipo kumgusa kwa vidole. Akiwa mkorofi, akae dakika chache kwenye friji ndani ya chupa iliyofungwa. Rula ya mwanafunzi ikilazwa kando yake hueleza ukubwa vizuri kuliko maelezo yoyote.

Mbu ni habari nyingine. Mbu wa malaria, Anofelesi, akitua ukutani huinua sehemu ya nyuma ya mwili, ilhali mbu wengine wa nyumbani hulala sambamba na ukuta. Picha ya ubavuni huonyesha hayo bila shida. Mbu mweusi mwenye pete nyeupe miguuni huenda ni Aedesi, anayeeneza dengi. Hata hivyo jicho lina mpaka wake. Katika tambarare za mpunga za Moshi chini, anayetawala ni Anopheles arabiensis, na hakuna picha inayoweza kumtenga na ndugu yake Anopheles gambiae. Kazi hiyo hufanywa maabara kwa vipimo vya vinasaba.

Pamoja na mpaka huo, picha za raia zimewahi kufanya kazi kubwa. Nchini Hispania, mwaka 2018, mbu aina ya Aedes japonicus aligunduliwa nchini humo kwa mara ya kwanza kupitia picha iliyotumwa na mwananchi kwa programu ya simu iitwayo Mosquito Alert. Afrika Mashariki ina sababu ya kulitazama hilo kwa makini, kwa kuwa Anopheles stephensi, mbu wa malaria anayezaliana kwenye matangi na mapipa ya maji mijini, ameshaonekana Djibouti, Ethiopia na Kenya.

Wadudu wengi wanaoingia ndani kutoka migombani na kwenye kahawa hawana madhara yoyote. Claudia Hemp, mtafiti aliyeishi na wadudu wa mlima huu kwa miaka mingi, ameeleza spishi nyingi za panzi na senene wa Kilimanjaro ambazo hazikuwa zimejulikana kisayansi.

Upele wa kuambukiza, kwa upande wake, hautapatikana kwa simu. Kijidudu chake kina ukubwa wa milimita 0.3 hadi 0.4, nacho hujichimbia ndani ya ngozi. Asiyekiona kwenye picha asidhani kwamba hakipo. Na aliyeumwa na nyuki kisha akavimba midomo au akakosa pumzi asisimame kupiga picha hata moja, akimbizwe hospitali.

Kwa mhudumu anayepokea picha kwa simu, ni vyema aombe itumwe kama faili ili isipungue ubora, na iambatane na tarehe, saa, kijiji na sehemu ya nyumba alipopatikana mdudu. Picha ya ngozi isionyeshe uso pasipo lazima. Ikishawekwa kwenye kumbukumbu za mgonjwa, ifutwe kwenye simu binafsi ya mhudumu.