Kopo la Mafuta Lenye Bomba, na Namna ya Kulitengeneza Nyumbani

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya chombo kidogo kimfaacho kila mwenye cherehani, baiskeli au mkokoteni, nacho ni kopo la kutilia mafuta lenye bomba ndani yake.

Sisi tukaao Mbulu na Hanang twalijua vumbi letu. Wakati wa kiangazi upepo hulichukua toka nyanda za Basotu na kando ya Ziwa Balangida, likaingia hata ndani ya magurudumu. Vumbi katika chuma kikavu hufanya kazi ya tupa: hukila kidogo kidogo, hata gurudumu likaanza kuyumba. Ndipo mwenyewe hununua kipuri kwa bei kubwa, na kumbe tone moja la mafuta lingalitosha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wengi hutia mafuta kwa chupa au kwa unyoya wa kuku. Lakini chupa humwaga mengi, na unyoya haufiki ndani. Kopo lenye bomba hutoa tone moja, mahali pale utakapo.

Wala msidhani kwamba kazi hii ni ya viwanda tu. Miongoni mwa Wadatoga wamo wahunzi waitwao Gidang'odiga, ambao tangu zamani huwafulia jirani zao mikuki na visu, na kwa misumari mikuukuu huwatengenezea Wahadzabe ncha za mishale. Aliye na nyundo, tupa, koleo na chuma cha kulehemia, aweza kutengeneza kopo hili.

Kwanza tufahamu siri yake. Siri ni milango miwili, kila mmoja ukifunguka upande mmoja tu. Ukibonyeza, mlango wa chini hufungwa, na wa pili hufunguka, mafuta yakatoka. Ukiachia, springi huinua mchi wa bomba, mlango wa pili hufungwa, na wa chini hufunguka, mafuta mapya yakaingia. Kila mlango ni gololi ya baiskeli ikaliayo tundu dogo.

Sasa tutengeneze. Twaa kopo la bati lenye kifuniko cha kuzungusha. Kata neli ya shaba yenye upana wa milimita 12 hivi, na urefu ukaribiao kina cha kopo. Ilehemu katika kifuniko, ining'inie ndani. Chini yake lehemu kisahani cha shaba chenye tundu la milimita 4, kisha dondosha gololi ya milimita 6. Juu yake kidogo pitisha msumari mwembamba ubavu kwa ubavu, ili gololi isipande mno na springi ipate pa kukalia.

Ubavuni mwa neli, juu kidogo ya gololi, toboa tundu na kulehemu mrija mwembamba uliopindwa, upande na kupita kifunikoni uwe mdomo. Mwanzoni mwa mrija fanya chumba kidogo cha gololi ya pili. Springi izungushe kwa waya wa chuma kigumu juu ya msumari mnene. Mchi ni kijiti cha shaba chenye kikombe cha ngozi mwishoni, kama kile cha bomba la baiskeli. Ngozi itie mwisho kabisa, maana moto wa kulehemu huiunguza. Hatimaye funika neli kwa kisahani chenye tundu, mchi usitoke.

Nilipotengeneza kopo langu la kwanza, lilitoa mafuta mara chache, kisha likakataa. Nikalifungua na kulifunga, nikidhani gololi zimekwama. Kosa lilikuwa kwamba sikutoboa tundu la hewa katika kifuniko! Mafuta yakitoka lazima hewa iingie mahali pake, la sivyo bomba huvuta bure. Tundu la sindano latosha.

Sasa jambo la hatari. Msilehemu kamwe kopo lililokuwa na petroli, hata likionekana tupu na kavu. Mvuke wake hubaki ndani, nao ukipata moto hulipuka na kuweza kumwua mtu. Lehemu nayo ina risasi, ambayo ni sumu. Basi fanyeni kazi nje, mbali na vyombo vya chakula, kisha mnawe mikono.

Tieni mafuta ya mashine, wala si ya alizeti. Alizeti yetu ni njema kwa chungu, lakini katika chuma mafuta yake huganda kama ulimbo na kushika vumbi. Pangusa kwanza, kisha tia tone moja au mawili, basi. Yanayomwagika ni fedha iliyopotea.