Nasaba katika Karatasi za Sensa

Wako miongoni mwetu vijana waliozaliwa na mama wa Kiingereza, nao wana haki ya kuijua nasaba ya upande huo. Kwao sensa ya Uingereza ni hazina. Kuanzia mwaka 1841 majina ya watu wa kila nyumba yameandikwa na kuhifadhiwa. Karatasi hufungwa kwa miaka 100. Za 1921 zilifunguliwa mwaka 2022. Za 1931 ziliteketea kwa moto.

Sisi twaipenda zaidi ile ya 1911. Mke aliulizwa miaka ya ndoa yake, watoto aliowazaa hai, wangapi wangali hai na wangapi wamefariki. Basi kichanga kilichoishi wiki mbili, ambacho hapana amtajaye tena, kimo katika hesabu ya mamake. Umri tu usisadikiwe upesi: mwaka 1841 watu wazima walipunguziwa miaka kwa mafungu ya matano, wa 39 akaandikwa 35.

Huku kwetu, sensa ya 1948 ilihesabu watu wa makabila yote, lakini umma hupewa jumla, si majina. Mwenye kutafuta na aanzie vyeti vya ndoa na talaka vya kadhi, hati za wakfu na za mashamba. Na kabla ya hayo aketi na nyanya yake, amuulize pia nani alimnyonyesha nani. Hilo hapana karani aliyeliandika, na wachumba wawili huenda wakawa ndugu wa kunyonya.