Kipindi cha 14: Majani, Udongo na Moyo wa Mlezi

   Leo hatuzungumzi juu ya chanjo wala lishe. Tunazungumza juu ya moyo wa mlezi mwenyewe, na jinsi kutengeneza picha kwa majani, udongo na rangi kunavyoweza kumsaidia kujielewa wakati maisha yake yanapobadilika.

Hebu fikiria mama ambaye mtoto wake amepatikana na mtindio wa ubongo. Zamani aliuza mboga sokoni na kuimba kwaya. Siku hizi kutwa yuko nyumbani, akimbeba mtoto na kumlisha kijiko kwa kijiko. Majirani wakimjulia hali hujibu, "Mzima tu." Lakini usiku hujiuliza, "Yule mimi wa zamani alienda wapi?"

Mama, swali hilo si wazimu, wala si kukosa shukrani. Kuzaa, kufiwa, kuugua au kulea mtoto mwenye ulemavu humgeuza mtu. Kuna cha zamani kinachoondoka, na kuna kipya kinachoota. Mara nyingi mdomo hukosa maneno ya kueleza hayo. Mikono huweza kuanza kabla ya mdomo.

Mwaka 2002, mjini Cape Town, Afrika Kusini, wanawake wa kikundi cha Bambanani waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI walichora ramani za miili yao, kila mmoja kwa ukubwa wake kamili. Kwa rangi na alama walionyesha makovu yao, safari zao na mahali wanapopata nguvu. Na mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti mdogo wa watu wazima 39. Baada ya dakika 45 za kufinyanga, kuchora au kubandika, kiasi cha homoni ya mfadhaiko mwilini kilishuka kwa karibu watu 75 katika kila 100. Hata wale wasiowahi kuchora walinufaika.

Basi tufanyeje nyumbani?

Kwanza, tembea kidogo, hata ikiwa ni hadi kwenye ua tu. Okota kinachokuvutia: jani bichi, jani kavu, nyasi, ganda la mti, unyoya wa kuku. Majani mabichi yalaze ndani ya gazeti kuukuu, uweke kitu kizito juu yake kwa wiki moja.

Pili, tayarisha gundi. Koroga unga wa ngano na maji, upike hadi uwe uji mzito, kisha uuache upoe. Kwa rangi, tumia udongo mwekundu, mkaa uliosagwa na bizari ya manjano, kila kimoja kikichanganywa na maji kidogo.

Tatu, chukua kipande cha katoni. Paka rangi ya siku zako zilivyo sasa. Ikiwa ni nyeusi, paka nyeusi. Ikikauka, bandika majani yako. Unaweza kufunika sehemu fulani, kuchana nyingine, au kupaka rangi juu ya jani. Usiogope kuharibu, kwa maana hapa hakuna mtihani.

Nne, keti na picha yako ujiulize: Kipi kimekauka maishani mwangu? Kipi bado kina mizizi? Kipi kinachipuka? Huenda yule mama akabandika kisiki cha ganda la mti, na pembeni jani moja dogo bichi. Kisiki hakirudi kuwa mti ule ule, lakini huchipua. Akipenda, amwonyeshe dada au rafiki anayemwamini. Asipopenda, aiweke sandukuni.

Tahadhari: usitumie mnyaa, kwani utomvu wake huunguza macho. Mbegu ndogo ziwe mbali na watoto wachanga, wasije wakapaliwa.

Tena, picha haichukui nafasi ya matibabu. Ukiwa na huzuni kwa zaidi ya wiki mbili, ukikosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, au ukiona huna hamu ya chochote, mweleze mhudumu wa afya ya jamii au nenda kituo cha afya. Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje kesho. Mwite mtu akae nawe, mwende hospitali siku hiyo hiyo. Huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na hutibika.

Kumbuka:
- Kubadilika si kupotea.
- Huhitaji kujua kuchora, wala kununua rangi.
- Nusu saa yako kwa wiki si uvivu. Mlezi naye hulelewa.

Mpaka wiki ijayo, tunza mtoto, nawe ujitunze. Kwaheri.