Hill of Grace: mvinyo wa shamba moja

Mvinyo mwingi huchanganya zabibu za mashamba mbalimbali, ili upungufu wa shamba moja ufidiwe na jingine. Hill of Grace, Shiraz ya familia ya Henschke katika bonde la Eden Valley, Australia Kusini, haina kinga hiyo. Zabibu zake zote hutoka shamba moja, mkabala na kanisa la Kilutheri la Gnadenberg, jina la Kijerumani lenye maana ya kilima cha neema.

Mizabibu mikongwe zaidi shambani humo ilipandwa karibu mwaka 1860. Ingali juu ya mizizi yake yenyewe, kwani filoksera, mdudu aliyeangamiza mizabibu ya Ulaya katika karne ya 19, hajawahi kuingia Australia Kusini, ingawa yupo katika jimbo jirani la Victoria. Mizabibu mizee huzaa haba, lakini matunda yake hukolea: ladha ya beri nyeusi, plamu na pilipili manga.

Mvinyo huo ulitengenezwa kwanza na Cyril Henschke mwaka 1958. Mavuno ya mwaka 2000 hayakufikia kiwango, hivyo hakuna chupa iliyouzwa kwa jina hilo. Uaminifu huo kwa shamba moja ndio unaoujengea mvinyo huo heshima, na bei yake.